Kamera Mwisho Wake Barazani



Juma hili tumeona tuzungumze juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu polepole, na sasa limekuwa la kila siku: vyombo vya nyumbani vilivyounganishwa na intaneti. Tunakusudia kamera zinazotazamwa kwa simu, kengele za mlangoni zenye jicho, runinga janja na visanduku vyake, taa na makufuli yanayoamrishwa kwa programu, na spika zinazoitika mtu akizungumza nazo. Mwenye kupita madukani mjini ataviona vimepangwa pamoja na pasi na birika za umeme, na bei zake si za matajiri peke yao tena.

Nasi hatuliandiki jambo hili kwa kulisikia tu. Sisi ndugu watatu twaishi Kibarani, karibu na daraja la Makupa. Mama yetu, ambaye umri umekwenda na magoti hayamsaidii, yuko Mji wa Kale katika nyumba aliyoolewa, wala hataki kuihama. Na ndugu yetu wa nne yuko Maskati kwa kazi. Ndugu yetu huyo alituma fedha za kununua kamera nne: moja ya mlangoni, moja ya ukumbini, moja ya jikoni, na moja ya chumbani kwa mama. Kuhusu ile ya mlangoni hapakuwa na neno. Tatu zilizobaki ndizo zilizozua mjadala katika familia, na mjadala huo umetufunza mambo ambayo twapenda kuwashirikisha, kwa kuwa twajua nyumba nyingi za Pwani zina mzazi mmoja mji huu na watoto waliotawanyika miji mingine.

Tuanze na wema wake, maana si haki kukitaja chombo kwa madhara yake na kuzisahau fadhila zake. Mtu mzima anayeishi ghorofani hana haja ya kushuka ngazi kila anapobishiwa mlango. Hutazama simu, akamjua aliyesimama nje, akamwitikia au akanyamaza. Aliyesafiri huweza kuzima taa aliyoiacha ikiwaka. Katika mji ambao maji ya bomba hufika kwa zamu, kuna vipimo vinavyomwarifu mwenye nyumba tangi linapokaribia kukauka kabla hajaachwa na sabuni mwilini. Na wengi wetu tumeufuata mwezi wa Ramadhani kwa kuitazama Tarawehe ya Makka mubashara, tumekaa mkekani Mombasa.

Hapa kwetu Kenya kuna mfano ulio mkubwa zaidi. Kampuni ya M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuuza mitambo midogo ya sola kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa. Ndani ya mtambo mna kadi ya simu inayowasiliana na kampuni. Mwenye kulipa huwashiwa, na asiyelipa hufungiwa kutoka mbali mpaka alipe. Familia nyingi ziliiaga koroboi kwa mpango huo, nasi hatuusemi kwa ubaya. Lakini funzo lake ni wazi, na linafaa kukumbukwa na kila anunuaye chombo cha namna hii: chombo kimo nyumbani mwako, na ufunguo wake mmoja uko mkononi mwa mtu mwingine.

Mji wetu umo katika habari hii tangu mwanzo. Mwaka 2009 waya wa TEAMS ulitandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ukaingia nchi kavu Mombasa. Na mwaka huo huo ukawasili wa SEACOM. Upande ule ule yalikotoka majahazi ya kusi na kaskazi ndiko ilikotoka intaneti ya kasi. Kabla yake, Kenya ilitegemea setilaiti, na mawasiliano yalikuwa ghali na ya pole. Leo sura ya mama aliye Mji wa Kale humfikia mwanawe Maskati kwa muda usiotosha kusema bismillahi. Ni neema kubwa. Ila bandari iliyofunguliwa huingiza kila shehena, na mwenye busara huuliza ndani ya shehena mna nini.

Basi tuulize: picha ya kamera hupita wapi? Wengi hudhani hutoka nyumbani ikaingia moja kwa moja katika simu zao. Mara nyingi sivyo. Picha hutoka kwenye kamera, hupitia kisanduku cha waifai, huenda mpaka kwenye seva za kampuni iliyotengeneza programu, pengine katika bara jingine, ndipo ikashuka kwenye simu. Kwa hivyo wenye uwezo wa kuiona ni wengi kuliko tunavyodhani: yupo mwenye nyumba, yupo fundi aliyeifunga, wapo wafanyakazi wa kampuni, na yupo mwizi anayetafuta dirisha lililoachwa wazi.

Habari za wezi hao si hekaya. Mwaka 2016 programu haribifu iliyopewa jina la Mirai ilizunguka katika intaneti ikibisha kwenye kamera na visanduku vya waifai, ikijaribu orodha ya majina na nywila zipatazo 60 zinazowekwa kiwandani. Mamia ya maelfu ya vyombo vilifunguka, kwa sababu wenyewe hawakuwahi kubadilisha nywila hizo. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vyombo vilivyotekwa vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na mitandao mikubwa kama Twitter na Netflix ikawapotea watu kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote. Kamera zao ziliendelea kutazama milango yao huku zikitumikia jeshi la watu wengine. Mwaka 2017 vijana watatu wa Kimarekani walikiri mahakamani kwamba ndio walioiunda.

Mwezi wa Machi 2021 wadukuzi waliingia katika kamera zipatazo 150,000 za kampuni ya Verkada, zikiwemo za hospitali, shule na magereza. Hawakuvunja kamera moja moja. Walipata nywila ya msimamizi mmoja, na mlango mmoja ukafungua yote. Na mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani ilisema kwamba mfanyakazi wa Ring, kampuni ya kamera iliyo mali ya Amazon, alikuwa akitazama maelfu ya picha za video za wanawake waliokuwa wameweka kamera vyumbani na bafuni. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Tazameni tofauti ya visa hivi: Mirai waliingia kwa uzembe wa wenye nyumba na wenye viwanda, Verkada kwa uzembe wa kampuni, na huyu wa mwisho hakuvunja mlango wowote, kwani funguo alikabidhiwa kazini.

Viko pia visanduku vya runinga vya bei ya chini, vile vinavyoahidi kila chaneli bila malipo ya mwezi, ambavyo vimejaa hata mitaani kwetu. Mwezi wa Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliwatahadharisha watu kwamba visanduku vingi vya namna hiyo huuzwa vikiwa tayari vimepandikizwa programu haribifu iitwayo BADBOX 2.0, au huipata mwenyewe anapopakua programu za kuviwasha. Kisha wahalifu huitumia intaneti ya nyumba hiyo kufanyia uovu wao, na athari za nyayo zikaonekana zimetoka kwa mwenye nyumba. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hapa twaona ughali wake hata kabla ya kisanduku kuharibika.

Sasa turudi kwetu. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa na watu waliofikiri sana juu ya jicho la mtu wa nje. Kwanza kuna baraza, ambapo kila mpita njia ana haki ya kuketi na kusalimiwa. Kisha daka na mlango wa nakshi. Mlango ukifunguliwa, aliye njiani haoni ndani, kwa kuwa njia ya kuingilia imepindwa au imezibwa na ukuta. Kisha ukumbi kwa mgeni aliyekaribishwa, na ndani kabisa ni pa wenyewe. Madirisha ya juu yana mbao za kimia, ili aliye ndani aone njia na aliye njiani asimwone. Kila hatua ina idhini yake, na idhini hiyo huombwa kwa neno moja: hodi.

Neno hilo si mila tu. Katika Suratun-Nur tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu bila kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Katika sura hiyo hiyo hata watoto wa nyumbani wametakiwa waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya isha. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alichungulia kwa tundu katika chumba cha Mtume, rehema na amani zimshukie, naye Mtume akamfahamisha kwamba kuomba idhini kuliwekwa kwa ajili ya jicho. Tukiifikiri hadithi hiyo twaona kwamba mtu yule hakuvuka kizingiti. Mguu wake ulikuwa nje, na jicho lake ndilo lililoingia. Kamera ya chumbani ni tundu kama hilo, na anayechungulia huenda yuko umbali wa bahari nzima.

Hoja hii ndiyo iliyoletwa na mama yetu, kwa maneno yake mwenyewe, siku tulipompigia ndugu yetu simu sote tukiwa tumemzunguka.

"Mama," akasema ndugu yetu, "sisi hatukuchungui. Twataka kujua u salama. Ukianguka usiku, nani atajua?"

"Baba," mama akamjibu, "mimi nikiwa chumbani mwangu huvua mtandio, hupaka mafuta magoti yangu, na siku nyingine hulia nikimkumbuka marehemu babako. Hayo si yako kuyaona, na wewe ni mwanangu niliyekuzaa. Seuze mtu nisiyemjua."

Ndugu yetu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama, niko mbali. Naogopa." Hapo hapana aliyecheka wala aliyemlaumu, maana hofu yake ni ya kweli, na ni hofu ya kila mtoto wa Pwani aliyevuka bahari akaacha mzazi nyuma. Mama alikuwa na haki yake, na mwana alikuwa na haki yake. Kazi yetu ilikuwa kutafuta chombo kinachoziheshimu zote mbili.

Tulimsikiliza pia binti anayemsaidia mama kazi, kwani naye hulala nyumba ile. Aliuliza swali moja: "Kamera ikiwa jikoni, nami nitapumzika wapi?" Swali hilo lilitukumbusha mabinti wetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia, Oman na Qatar. Kila siku twawaombea waajiri watakaowasitiri na kuwaamini. Basi vipi tumnyime binti wa mwenzetu, aliye chini ya paa letu, sitara ile ile tunayoiomba kwa ajili ya wetu?

Mwisho familia ilikubaliana hivi. Kamera moja iwe mlangoni, na tatu zirudishwe dukani. Badala yake tulinunua kidude kidogo kisichopiga picha wala kusikia, kinachotuma ujumbe mlango wa jikoni unapofunguliwa. Mama huufungua mlango huo kila baada ya sala ya alfajiri kuwatupia paka mabaki ya samaki. Ujumbe ukija, wa Kibarani na wa Maskati sote hutulia. Usipokuja hadi saa moja asubuhi, mmoja wetu humpigia simu, na asipopokea humpigia jirani. Tena mama amekubali kuvaa shingoni kitufe cha dharura, ambacho akikibonyeza simu zetu zote hulia. Ndugu yetu amepata alichokitaka, yaani kujua mama ameamka salama, na hakuona hata unywele wake.

Hata kamera ya mlangoni ilihitaji adabu. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na kamera iliyofungwa mlangoni kwako hutazama mlango wa jirani, pengine mpaka ukumbini mwake. Kwa hivyo tulikwenda kwanza kwa jirani wa mkabala tukamwonyesha katika simu kinachoonekana, kisha tukaiinamisha mpaka ikabaki daka letu tu. Sauti tuliizima, kwa kuwa barazani huketi wazee wa mtaa, na mazungumzo ya baraza ni amana ya walioketi.

Huenda msomaji akauliza sheria inasemaje. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo ya nyumba yake na mambo ya familia yake. Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2018 humtoza anayeingia katika chombo cha mtu bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ina meno: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Lakini sheria hiyo hiyo haimgusi mtu anayeshughulika na taarifa kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani tu. Kwa maneno mengine, sheria hufika mlangoni ikasimama. Ndani, mlinzi wa sitara ya mama, ya mke, ya binti na ya mtumishi ni sisi wenyewe.

Basi haya ndiyo tunayopendekeza kwa kila nyumba.

Kwanza, badilisheni nywila ya kiwandani siku ile ile chombo kinapofungwa, ya kamera na ya kisanduku cha waifai, na kila kimoja kiwe na yake, ndefu, isiyo jina la mtoto wala namba ya simu. Uingereza imepiga marufuku kwa sheria, tangu Aprili 2024, kuuza vyombo vya namna hii vyenye nywila nyepesi ya kubahatisha. Sisi tusingoje sheria.

Pili, nywila aiandike mwenye nyumba kwa mkono wake. Fundi aliyekuja kwetu alitaka kuiweka mwenyewe katika simu yake, ili, kwa maneno yake, mkipata tatizo nisaidie. Tulimshukuru, tukamlipa, tukamwambia akihitajika ataitwa. Fundi wa mlango hajengi nyumba akaondoka na ufunguo.

Tatu, kubalini programu za chombo zisasishwe kila kampuni inapotoa marekebisho, na chombo ambacho kampuni yake haitoi tena marekebisho kizimwe. Visanduku vingi vya waifai vinaweza kutoa mtandao wa pili kwa ajili ya wageni. Wekeni kamera na runinga huko, mbali na simu mnazotumia kwa M-Pesa na benki.

Nne, kamera mwisho wake barazani. Isivuke ukumbi. Chumbani, bafuni, jikoni na mahali pa kuswalia wanawake hapana dharura inayoihalalisha ambayo haiwezi kutatuliwa kwa njia nyingine. Na midoli ya watoto inayozungumza kwa intaneti tuiogope zaidi: mwaka 2017 Ujerumani ilimpiga marufuku mdoli aitwaye Cayla kuwa ni chombo cha kusikiliza siri, na wazazi wakatakiwa wamwangamize.

Tano, wajulisheni wote waingiao kwamba pana kamera, na aliyemo nyumbani aulizwe kabla haijafungwa, awe mzee, mke, mtoto mwenye kupambanua au mtumishi.

Sita, chombo kikifa kisitupwe na siri zake. Sisi wa Kibarani twalijua hili kuliko wengi, maana miaka mingi hapa ndipo palipokuwa jaa la mji, kabla ya kaunti kulifunga na kupanda miti. Hakikutupwa kitu kikakosa mtu wa kukifungua atazame kilichomo. Basi futeni kumbukumbu yote, toeni kadi ya picha muivunje, na kifuteni chombo katika programu ya simu kabla hamjakitupa au kumpa mtu.

Hatuwakatazi kununua vyombo hivi, na sisi wenyewe tunavyo. Tunachokiomba ni kwamba mwenye kutaka kufunga jicho ndani ya nyumba apige hodi kwanza kwa kila aishiye humo, angoje aitikiwe, na asipoitikiwa arudi.

Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, awalinde wazazi wetu na wote walio mbali nasi, na atupe ilimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.